Usalama wa sayansi kwa watoto, kuanzia darasani mpaka kwenye miamba ya Casuarina

Nafundisha sayansi hapa Malindi, gredi ya 7, watoto 38, maabara hatuna, tuna meza mbili na jiko la spiriti na testityubu za kuhesabu. Walimu wengi wakipewa ile orodha ya sheria za usalama wanaibandika ukutani basi yameisha. Karatasi haizimi moto jamani. Mi kila sheria naileta pale pale kwenye kitu chenyewe kinachoumiza, alafu tunaifanyia mazoezi kabla mtu hajagusa chochote. Nafanya hivi:

Hatua ya 1. Jaribio lifanye mwenyewe jana yake, na vifaa vile vile, kwenye meza ile ile. Utajua jiko linayumba wapi na upepo wa dirishani unasukuma moto upande gani.

Hatua ya 2. Weka ndoo mbili karibu, moja maji, moja mchanga mkavu (ukichota ufuoni uanike kwanza). Mchanga ni wa spiriti iliyomwagika ikashika moto. Maji ni ya mkono ulioungua, dakika 20 zima, na kama mfereji umekauka, na hapa kwetu hukauka, mwagia kwa kopo pole pole mpaka dakika ziishe. Dawa ya meno, asali, ute wa yai, hivyo viacheni nyumbani.

Hatua ya 3. Nguo. Simwambii mtoto avue shungi, namwambia ncha zake azichomeke ndani na mikono ya buibui aikunje akaze na pini, mana vitambaa vingi vya sasa ni nailoni, vikishika moto vinayeyuka vinagandia ngozi. Ndala hapana, vigae vya testityubu iliyovunjika havionekani kwa sakafu.

Hatua ya 4. Moto, na hapa ndo nakaa sana. Lile jaribio la kutafuta wanga kwenye jani, unachemsha jani, unalitia kwa spiriti litoke ule ukijani, alafu matone ya iodini. Watu wanaharibu pale pa spiriti, wanaiweka juu ya moto. Usifanye hivyo kabisa, mvuke wake unashika moto upesi. Chemsha maji, ZIMA moto, jiko liondoke mezani, ndo sasa testityubu ya spiriti iingie kwenye yale maji ya moto. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi kwa hivyo maji yaliyotoka kuchemka yanatosha, moto wa nini tena?

Na jiko la spiriti usiliongeze mafuta likiwa linawaka au likiwa bado na joto. Mwaka wangu wa pili kufundisha niliona limezima, mchana jua linapiga dirishani, nikamimina. Kumbe linawaka, mwali wa spiriti mchana hauonekani vizuri, moto ukanirudia mpaka kwa chupa nikaitupa sakafuni. Nyusi ziliota baada ya mwezi na kitu, watoto wakanicheka muhula mzima. Sasa nafunika na kifuniko, nahesabu mpaka mia tano na darasa zima kwa sauti, ndo naongeza.

Hatua ya 5. Usionje, usinuse kwa kuinamia chupa. Hii hainipi kazi, nawauliza tu, bunju, yule samaki wa sumu, analiwa? Wote wanapiga kelele haliwiiii. Basi na cha kwenye chupa ni bunju. Kunusa ni kwa kupepea mvuke na kiganja uje puani kidogo. Asidi tunatumia ya ndimu na siki, ile ya betri ya gari msiilete hata kama fundi ni mjomba wako. Wakubwa wanaopunguza asidi kali wakumbuke asidi ndo inatiwa kwenye maji, kinyume chake inachemka ghafla na kukurukia usoni.

Hatua ya 6. Sasa nje, kwenye miamba ya bahari. Kabla ya kupanga siku angalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kukupwa kupita siku nyingine, na kwetu maji ya bamvua hukupwa kabisa kama saa nne saa tano asubuhi, wakati wa masomo hasa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mfike yakiwa bado yanatoka, na yakigeuka tu mnatoka, msingoje kuona mawimbi, mana yanajaa kwanza ile mifereji ya nyuma yenu. Pale Casuarina ni hifadhi ya bahari tangu 1968, ombeni ruhusa kwa KWS, shirika la wanyamapori, na hakuna kuokota hata kombe. Mlango wa mto Sabaki mi siwapeleki wadogo, viboko wapo.

Hatua ya 7. Mazoezi darasani kwanza, chora miamba sakafuni kwa chaki, watembee mikono nyuma. Mikono nyuma ndo sheria yote ya miambani. Kuna konokono mzuri wa umbo la koni, sumu yake haina dawa ya kuivunja, na mtoto akimuona tu anataka kumtia mfukoni. Kuna samaki anafanana na jiwe, kuna wale weusi wa miiba kama sindano, kwa hivyo viatu vya soli ngumu. Kwenye mchanga wa majini buruta miguu, taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akisikia anakimbia mwenyewe.

Hatua ya 8. Beba thamosi mbili, ya chai na ya maji ya moto. Mtu akichomwa na taa au huyo samaki jiwe, mguu uingie kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45, mwalimu ayapime na mkono wake kwanza, nusu saa au zaidi mpaka maumivu yapungue, na hospitali mnaenda vile vile. Wa konokono asitembee, abebwe, mguu au mkono usichezwe, moja kwa moja hospitali.

Hatua ya 9. Hesabu. Mkishuka, kila robo saa, na mkitoka, kila mtoto anataja namba yake mwenyewe, na isipofika 38 hakuna tuktuk inayowashwa.