Kung'oa mkonge wa zamani: nusu saa ya asubuhi chini ya mtambo

Ukiitwa kusafisha shamba kati ya Muheza, Korogwe na Pangani, uliza kwanza palikuwa na nini. Mara nyingi utaambiwa mkonge. Zao hili liliingia pwani ya Tanga mwaka 1893, na tangu hapo yapo mashamba yaliyopandwa, yakaachwa, yakageuka pori, yakafunguliwa tena. Juu unaona vichaka na miti michanga tu. Chini kuna mashina ya mkonge, na palipokuwa na shamba kubwa kunaweza kuwa na vipande vya reli za toroli, waya na misingi ya zege. Sisi wakandarasi wadogo, wenye buldoza moja ya mtumba au trekta moja na haro (jembe la diski linalokokotwa nyuma), hatuna mtambo wa akiba. Ukizima, opereta anadai posho yake vilevile, na mwenye shamba anaangalia mawingu ya masika yanavyokaribia.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, litembee shamba kwa miguu, tena pamoja na mzee wa hapo. Mzee aliyewahi kukata mkonge anakumbuka reli ilipita wapi na kisima kilikuwa upande gani. Kila anapokuonyesha, chomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Makaburi nayo yawekewe alama siku hiyohiyo mbele ya wenyewe. Kama shamba linashuka mtoni, kumbuka Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na mwenye shamba aelewe mapema kwamba hapo hutagusa. Miti ya mbao ikiwemo, aende TFS, wakala wa huduma za misitu, akaulize kibali kabla mtambo haujafika.

Pori jepesi unaweza kulikadiria kwa ekari. Mkonge wa zamani mimi nashauri ulipwe kwa saa zinazohesabiwa na mita ya mtambo, kwa sababu hakuna anayejua kilichozikwa mle mpaka bledi, lile bamba la mbele la buldoza, ikigonge.

Sasa nije kwenye jambo linaloua mitambo mingi huku: uzi. Jani la mkonge likioza, nyama yake inaondoka na nyuzi zinabaki, nazo ni ngumu kama kamba ya kufungia meli. Trekta ikipita juu yake, uzi unashika shafti inayozunguka na kuanza kujiviringisha, mmoja juu ya mwingine, mpaka unaingia kwenye upenyo kati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na ekseli. Hapo ndipo ilipo sili ya oili, ile pete inayozuia oili isivuje.

Niliwahi kupoteza wiki mbili za mwisho wa Februari kwa njia hiyo. Asubuhi moja niliona unyevu kwenye rimu ya gurudumu la mbele, nikadhani ni umande uliochanganyika na vumbi, nikapanda nikawasha. Siku ya tatu gurudumu likaanza kulia. Fundi alipofungua habu tukakuta pete ya nyuzi iliyokazana hadi haikatiki kwa kisu cha mezani. Ilikuwa imeisukuma sili nje, oili imeisha yote, na rola za beringi zimegeuka rangi ya bluu kwa moto. Uzi wenyewe ungejaa kiganjani.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya chai, tunafanya hivi. Injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa yule anayeingia chini, bledi au haro imelala ardhini. Tunatandika gunia, tunaingia na kisu cha kukatia mkonge kilichonolewa. Uzi usiuvute, maana ukiuvuta unakaza zaidi. Ukate mahali pawili au patatu kwa kufuata upana wa shafti, kisha utoe vipande. Angalia habu za mbele, shafti ya PTO (ile ya nyuma ya trekta inayozungusha vifaa), beringi za haro katikati ya diski, na kwenye buldoza angalia pembeni mwa rola na gurudumu la nyuma linalokokota cheni. Ukiona unyevu, ufute ukauke, kisha urudi kuangalia saa sita mchana. Umande haurudi mchana. Oili inarudi.

Mkiwa hukohuko chini, toeni nyasi na majani makavu yaliyojazana kwenye bamba la tumboni na karibu na bomba la moshi. Majani makavu, oili iliyochuruzika na joto la injini vinatosha kuteketeza mtambo mzima. Rejeta ioshwe kwa maji au upepo unaotoka upande wa ndani kwenda nje, la sivyo mbegu za nyasi zinazidi kujikita. Kichujio cha hewa kisigongwe kwenye tairi. Karatasi yake hupasuka mahali usipopaona, na vumbi jekundu la Muheza likiingia kwenye silinda, pistoni zinalika haraka. Kikichoka, nunua kipya.

Kwenye cheni za buldoza watu hukosea kwa kukaza mno. Tope likikauka kati ya rola, cheni inakazika yenyewe, basi safisha kwanza ndipo upime, ukifuata kipimo cha mtengenezaji. Ukitaka kuilegeza, valvu ya grisi inayokaza cheni ifungue polepole, isizidi mzunguko mmoja, na uso wako ukae pembeni. Grisi ile ina mgandamizo wa kutoboa mwili.

Hivyohivyo paipu za haidroliki. Tundu la ukubwa wa sindano usilitafute kwa kidole. Pitisha kipande cha boksi. Mtu akichomwa na mafuta hayo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha mbu na hakiumi, apelekwe hospitali saa ileile na daktari aambiwe ni mafuta ya haidroliki. Kijana akisubiri mpaka kesho anaweza kupoteza mkono. Nawaomba sana mlitilie maanani hili.

Upande wa shamba lenyewe, omba au kodi reki ya kufungwa mbele ya mtambo badala ya kusukuma kwa bledi. Reki inang'oa shina na kuacha udongo upite kwenye meno yake. Bledi inakwangua ule udongo mweusi wa juu na kuulundika mpakani, halafu mkulima anapanda mahindi kwenye udongo mwekundu uliokufa na kulaumu mbegu. Udongo ukiwa umeloa, acha kazi, maana cheni na matairi vitaushindilia. Marundo yapangwe kukinga mteremko, yasielekee chini. Mashina ya mkonge yageuzwe mizizi juu yakauke. Yakifukiwa mabichi yanachipua tena, na mwenye shamba atakuita ukiwa umeshakula hela.

Oili ya injini kwa mitambo mingi hubadilishwa kila saa 250, na kwa vumbi hili usizidishe. Ziandike saa kwenye daftari linalokaa na mtambo. Jioni jaza tangi la dizeli, maana tangi tupu hutengeneza maji usiku, na dizeli ya pipa iache itulie siku nzima kabla ya kuinyonya, bila kufikisha mpira chini kabisa.

Masika yakikaribia, uegeshe mtambo juu ya magogo, zipake grisi shafti za silinda zinazong'aa, uchomoe betri. Huo ndio muda wa spea, ambazo nyingi tunazifuata Gerezani, Dar es Salaam, safari ndefu. Sili ina namba tatu zilizochongwa usoni mwake: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita. Nazisoma mwenyewe kabla hazijafutika, nazichora kwa msumari ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa, na sili ya zamani naenda nayo mfukoni nikailinganishe dukani kabla ya kulipa. Nanunua mbili za kila habu, na beringi moja.