Kabla hujanunua mashine ya kupoza bia ya kegi, pima paipu

Wadau mnaotaka kufunga bia ya kegi (pipa la chuma la bia) kwenye baa, msikimbilie mashine, chukueni kwanza futi kamba mpime kutoka kegi linapokaa mpaka kwenye koki. Kegi likiwa chini ya kaunta palepale, friji ya kegi inatosha. Likiwa kwenye chumba cha baridi nyuma ya ukuta na paipu haizidi mita 7 hivi, feni ya kupuliza ubaridi kwenye paipu inafanya kazi. Ikizidi hapo jipange kwa mashine ya glaikoli (kimiminika kisichoganda kirahisi, kinapozwa na kuzungushwa kando ya paipu ya bia), ni ghali ndio, ila kwa joto la Dar mwezi wa pili paipu ya mita 15 isiyopozwa inakuletea povu tupu, mimi nilibana hela nikaishia kumwaga ndoo nzima usiku mmoja na mteja amekaa anakuangalia tu.

Bia lenga nyuzi 3 hivi, na usibandike kompresa ukutani, iache ipumue.

Kwa harusi au bichi tafuta boksi la barafu lenye koili ya stiili (paipu iliyozungushwa, bia inapita ndani yake), ila mwagia na maji, barafu tupu haigusi koili yote.