Kutoa kontroli boksi ya giaboksi kwenye Mercedes W210 bila kuiua

Giaboksi ya 722.6, ile ya gia tano iliyofungwa kwenye E-Class nyingi za W210, ikijifunga gia ya pili na kugoma kubadilisha, kontroli boksi, yaani kompyuta inayoiongoza giaboksi, ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi boksi ni nzima ila imeingiwa na oili, na ukifunga mpya bila kuziba chanzo, nayo italowa.

1. Soma kodi za hitilafu, kisha andika namba ya kipuri na koding ya boksi, yaani mpangilio wake kulingana na gari. Vidude vya bei rahisi vinavyosoma injini peke yake havifai hapa. Tafuta mashine inayoingia kwenye giaboksi. Muulize mwenye gari kodi ya redio, maana utatoa waya wa betri.

2. Zima swichi, toa ufunguo, subiri dakika chache, toa waya wa hasi wa betri. Kuchomoa plagi umeme ukiwepo kunaweza kuunguza boksi.

3. Fungua kisanduku cheusi kilicho nyuma ndani ya boneti. Kuna boksi zaidi ya moja humo, kwa hiyo linganisha namba ya kipuri na ile uliyoandika. Gusa chuma cha bodi kuondoa umeme tuli, legeza loki, vuta plagi yenyewe na si nyaya. Usiguse pini kwa vidole.

4. Angalia plagi kwa tochi. Ukiona unyevu mwekundu au wa kahawia, hiyo ni ATF, oili ya giaboksi. Inatoka kwenye soketi ya pini 13 ubavuni mwa giaboksi, upande wa kulia, juu kidogo ya sampu (trei ya oili iliyo chini). Oringi zake (mipira ya duara ya kuzibia) zikikauka, oili hupenya na kupanda ndani ya nyaya hadi kwenye boksi, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi.

Weka gari kwenye stendi, kamwe si kwenye jeki pekee, na injini iwe imepoa. Mwaga oili ya sampu kwanza na upime iliyotoka; usipomwaga, itakumwagikia ukivuta soketi, maana injini ikizimwa kimo cha oili hupanda. Zungusha plagi kinyume cha saa, itoe, fungua bolti ya namba 7 iliyo katikati, vuta soketi. Badilisha soketi nzima, A203 540 02 53, wala usihangaike na oringi peke yake. Bolti ile ni nyembamba: ukiikaza kwa hasira inakatika.

Nyaya zipulizie dawa ya kusafishia kontakti pande zote mbili, uziache zining'inie zichuruzike. Petroli inaharibu mpira, na upepo wa kompresa unasukuma oili ndani zaidi. Usichomeke ncha nene ya mita kwenye tundu za plagi, zinapanuka na kushika vibaya. Oili iliyobaki itaendelea kujitokeza, hivyo fungua tena baada ya siku chache uifute.

5. Boksi uliyoitoa iweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, si nailoni ya dukani.

6. Rudisha oili kiasi kilekile kilichotoka, ya daraja la MB 236.14. Ukisharudisha boksi, plagi na waya wa betri, kimo hupimwa injini ikiunguruma kwenye P, oili ikiwa nyuzi 80, kwa kijiti kirefu cha gereji kwa sababu gari halina chake. Futa kodi.

Ukifunga boksi iliyotoka gari lingine, namba ya kipuri ilingane, ifanyiwe koding ya gari lako, na adaptesheni za zamani, yaani yale boksi iliyojifunza kwenye gari la awali, zifutwe kabla ya kuendesha.