Kabla hujaandika "Wakereketwa" kwenye kibao

Mimi ni mchora vibao, Temeke, na neno lililonilisha kuliko mengine yote ni WAKEREKETWA. Uchaguzi ukikaribia vijana wanakuja na ubao: "Fundi, tuandikie Shina la Wakereketwa wa CCM."

Anza na penseli. Herufi ziko 11, na W mbili zinakula nafasi, usizibane. Kisha ogopa ile R. Niliwahi kuandika WAKELEKETWA, rangi ikakauka. Mzee mmoja akasimama, akaniuliza: "Mwanangu, koo likikuwasha unasema linakeleketa?" Nikapaka ubao mzima upya.

Swali lile ndilo lililonifundisha neno. Koo hukereketa ukivuta vumbi la unga au moshi wa pilipili. Hutulii mpaka ukohoe. Tia W, unapata kereketwa: sasa wewe ndiye uliyepatwa. Tia M mbele, unapata mtu, kama mfiwa anavyotoka kwenye fiwa na mtumwa kwenye tumwa. Kwa hiyo mkereketwa ni mtu ambaye jambo limemkaa kooni, hawezi kunyamaza. Mimi nalipenda neno hili kwa sababu hiyo hasa.

Ukitaka kujua kama linamfaa mtu, mwangalie jambo lake linapoharibika. Shabiki atanuna, atakwenda kulala. Mwanachama utamjua kwa kadi. Mkereketwa utamkuta usiku, mvua inanyesha, anafunga upya bendera iliyoanguka, na pengine kadi hana.

Usilifungie kwenye rangi moja. Kweli, wengi wakilisikia wanaona kijani na njano, rangi za CCM, maana mashina yale yamejaa mitaani. Lakini mfumo wa vyama vingi ulirudi Tanzania mwaka 1992, na kila chama kina wakereketwa wake. Mwalimu mmoja anayepanda mikoko alitaka kibao cha kitalu chake. Nikamwandikia "mkereketwa wa mazingira", na hakuna neno lingemtosha zaidi. Ari yenyewe iite ukereketwa.

Kwenye mpira nenda taratibu. Watu wa Simba na Yanga wana maneno yao ya shabiki wa damu: lialia, kindakindaki. Ukiwaandikia mkereketwa kwenye banda la kuonyeshea mechi watakuelewa, ila litasikika kama hotuba.

Haya, kijani kwanza, kikauke kabisa, ndipo uje na njano ya herufi. Ukifika kwenye R, litamke neno kwa sauti, halafu ushushe brashi.