Kulinganisha kwa Kiingereza: pale "kuliko" inapotuponza

Mchuuzi mmoja wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, alimwambia mgeni mbele yangu: "My dagaa is big than all." Mgeni alielewa na akanunua, kwa hiyo siwezi kudai kwamba sentensi ile ilimkwamisha. Hata hivyo, ina kosa ambalo wengi wetu hulifanya, na chanzo chake ni Kiswahili chenyewe. Kwetu kivumishi hakibadiliki tunapolinganisha: tunasema "kubwa", kisha "kubwa kuliko ile", kisha "kubwa kuliko zote", na kazi yote hufanywa na neno "kuliko". Katika Kiingereza ni kivumishi chenyewe kinachogeuka, nalo neno "than" hufuata tu nyuma yake.

Anza, basi, kwa kujiuliza unachotaka kusema. Ukilinganisha pande mbili, kiongezee kivumishi kifupi "-er", kisha weka "than": "Lake Tanganyika is deeper than Lake Victoria." Ukikitenga kimoja kinachovipita vyote, tanguliza "the", malizia kivumishi kwa "-est", na uiache kabisa "than": "Lake Tanganyika is the deepest lake in Africa." Mchuuzi wetu angesema "My dagaa is the biggest", na mambo yangekwisha. Duniani kote, ziwa letu, lenye kina cha mita 1,470 hivi, linapitwa na Baikal la Urusi peke yake, ndiyo maana huitwa "the second deepest lake in the world". Ukisema kwamba ni "larger" kuliko Victoria, sarufi itakuwa salama lakini jiografia itakukana.

Tahajia haina makuu: "large" huongeza "r" tu, "big" hurudia konsonanti ya mwisho na kuwa "bigger", na "y" ya "heavy" hugeuka "i" katika "heavier".

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye urefu wa neno. Maneno marefu, kama "expensive", hayapokei kiambishi, bali hutanguliwa na "more" au "the most". Ili kujua neno refu tunahesabu silabi, na hapo ulimi wetu hutudanganya, kwa sababu tumezoea kufunga kila neno kwa irabu: "big" tunaitamka "bigi", "cheap" tunaitamka "chipu", tukadhani zina silabi mbili. Hesabu kama Mwingereza anavyotamka, nayo ni silabi moja, hivyo sema "cheaper", usiseme "more cheap". Wala usiweke vyote viwili kwa pamoja. "More cheaper" ni sawa na kuvaa viatu juu ya viatu. Maneno ya silabi mbili yanayoishia na "y" hufuata njia ya mafupi, ilhali mengi ya yaliyobaki, kama "useful", hufuata ya marefu.

Kosa jingine linatokana na "sana". Kwa kuwa tunasema "nafuu sana kuliko", tunaandika "very cheaper". Mbele ya kivumishi kilicholinganishwa Kiingereza hutumia "much": "much cheaper than". Machache hayafuati kanuni yoyote na lazima yakaririwe: "good, better, best" na "bad, worse, worst".

Kwa mazoezi, simama penye dagaa walioanikwa juu ya chanja na wengine walioanikwa mchangani, uwatazame kwa karibu, uone chembe za mchanga zilizonata kwenye matumbo ya hawa wa pili, kisha useme kwa sauti: "The dagaa from the rack is cleaner than the dagaa from the sand." Ongeza fungu la tatu, uchague lililo bora: "This one is the best." Halafu muulize mwenye mali bei ya kila fungu, na uzilinganishe bei zote tatu kabla hujatoa hela.