Nilivyoinyamazisha feni ya prosesa

Mimi hurekodi masomo ya sauti nyumbani kwangu Chumbageni, Tanga, kuanzia saa nne za usiku, bodaboda zikishapungua barabarani. Saa hizo ndipo unapoijua kompyuta yako. Mteja mmoja aliniandikia: "Dada, sauti yako nzuri, ila nyuma yake kuna kitu kinavuma, kinapanda na kushuka." Huko kupanda na kushuka ndiko kulikonipa jibu. Mvumo ulio sawasawa hupungua kwa programu ya kurekodia, lakini unaobadilika kila sekunde haushikiki. Uliokuwa ukinisumbua ulitoka kwenye feni ndogo iliyokuja na prosesa yangu (ubongo wa kompyuta), Ryzen 5 2600.

Usinunue kitu kabla hujahakikisha kelele inatoka wapi. Chukua kile kibomba kigumu kinachobaki tishu ya chooni ikiisha, kiweke sikioni, halafu kipitishe mbele ya kila feni bila kuigusa. Kama kelele ni ya hadi diski au ya pawa saplai, kipozaji kipya cha prosesa, yaani bati la kutolea joto pamoja na feni yake, hakitakusaidia lolote.

Kelele ya feni inatokana zaidi na mwendo. Feni ya milimita 120 inayozunguka polepole inasukuma hewa sawa na ndogo inayokimbia, na bati pana la kutolea joto linaipa nafasi ya kutokuwa na haraka. Kaka yangu aliniletea kipozaji cha Noctua NH-U12S kutoka Dubai: feni yake haizidi mizunguko 1500 kwa dakika, na yangu ndogo ilikuwa ikipita 2000 kila nilipochakata sauti. Bei yake imesimama. Vipo vya bei nafuu vyenye feni ya ukubwa huohuo ambavyo vitakufaa pia.

Angalia soketi, yaani mahali prosesa inapokaa, kisha urefu wa kipozaji. Soketi yangu ni AM4, ya prosesa za AMD. Wenye Intel wawe macho: matundu ya kufungia kwenye soketi ya LGA1700 yameachana milimita 78, yale ya LGA1200 na LGA1151 milimita 75, kwa hiyo vyuma vya kufungia haviingiliani. Kama kompyuta yako ni ile ya ofisini iliyotumika, chungulia plagi ya feni kwanza, maana nyingi zina plagi zao wenyewe zisizofanana na hii ya kawaida ya pini nne. Kuhusu urefu, fungua ubavu wa kasha, pima kutoka uso wa madabodi (bodi kuu ya kompyuta) hadi ukingo unapokaa mfuniko, kisha toa sentimita moja ya soketi na prosesa. Mimi nilibaki na milimita 164. NH-U12S ina 158. Ikaingia.

Sasa kung'oa cha zamani, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Pesti, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipozaji, ikikaa miaka inakauka na kushika kama gundi. Mimi nilifungua skrubu nne, nikavuta moja kwa moja juu. Kipozaji kikatoka na prosesa imening'inia chini yake, ilhali mkono wa kufungia soketi ulikuwa bado umelala. Prosesa za AM4 zina pini 1331, nyembamba kuliko sindano. Kona moja pini sita zilikuwa zimelala. Nilikaa karibu na dirisha, nikachukua kalamu ya risasi ya kubonyeza, nikaitoa risasi yake, nikaivisha ncha tupu kwenye pini moja moja na kuisimamisha kidogo kidogo, huku nikiilinganisha na mstari wa wenzake. Ilinichukua karibu saa nzima na mgongo ukauma, lakini prosesa ikazama kwenye soketi bila kusukumwa. Usiisukume kamwe. Ikikataa, itoe utazame tena.

Njia salama ni hii: iwashe kompyuta, ipe kazi nzito dakika kumi ili pesti ilainike. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha. Chomoa plagi ya feni. Fungua skrubu kwa mkato wa msalaba, kisha zungusha kipozaji kushoto na kulia, taratibu, mpaka kiachie chenyewe. Ndipo unyanyue. Na kabla ya skrubu ya mwisho kutoka, weka mkono nyuma ya madabodi: lile bamba la chuma la nyuma halishikwi na kitu kingine, litaanguka. NH-U12S inalihitaji.

Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili, mpaka chuma king'ae. Funga vyuma vya kipozaji kipya. Kamulia pesti katikati ya prosesa, tone moja kama punje ya choroko, wala usilipake kwa kidole. Uzito wa kipozaji utalitandaza. Kikalishe, kisha kaza skrubu mbili kwa zamu, mizunguko miwili huku, miwili kule, hadi zigome. Feni ibane kwa waya zake, upande wenye vishikio vya mota ukitazama bati, ili hewa ielekee nyuma ya kasha. Plagi iende kwenye tundu la madabodi lililoandikwa CPU_FAN.

Watu wengi huishia hapo, halafu wanalalamika kuwa bado inavuma. Ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka, tafuta mpangilio wa feni. Joto la prosesa linaruka nyuzi kumi kwa kufungua faili tu, na feni inalifuata. Mimi niliipa feni asilimia 40 ya mwendo wake mpaka nyuzi 60, asilimia 65 kwenye nyuzi 75, na asilimia mia kuanzia nyuzi 85, kwa kuwa kikomo cha prosesa hii ni nyuzi 95. Kisha nikaongeza muda wa kusubiri kabla feni haijabadilisha mwendo. Hilo la muda ndilo lililoua kule kupanda na kushuka.

Ifuatilie siku ya joto kali. Tanga mwezi wa pili, chumba bila kiyoyozi, ya kwangu ilifika nyuzi 68 nikichakata somo la saa moja. Usiku ule nilirekodi dakika moja ya chumba kitupu, nikaongeza sauti hadi mwisho. Nilisikia saa ya ukutani, sebuleni.