Kabla Hujafungua Kundi la Darasa

Mwalimu mwenzangu wa Ahero, Muhoroni au Seme, huku kwetu Kisumu, kabla hujafungua kundi la WhatsApp la darasa lako, anza na wazazi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi aridhie kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na picha yake ni taarifa. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Andika barua fupi, kwa Kidholuo ikibidi, ueleze kundi ni la kazi gani na nani watakuwamo. Mzazi akikataa, mtoto wake asikose somo.

WhatsApp na Facebook haziruhusu aliye chini ya miaka 13 ajifungulie akaunti mwenyewe, na wengi wa gredi ya 7 wako papo hapo mpakani, tena simu yenyewe ni ya mama. Mimi naona heri kundi liwe la wazazi. Kwa kawaida kila aliyemo huziona namba za wenzake, na haifai namba ya msichana wa miaka 14 ifike mikononi mwa watu asiowajua. Wasimamizi wawe wawili. Kumwandikia mwanafunzi mmoja faraghani usiku, hilo lisiwepo kabisa.

Fikiria bando pia. Mama anayeuza omena hawezi kufungua video yako ya dakika kumi kila jioni. Mtumie sauti ya dakika mbili au picha ya ubao, na asiye na simu aikute kazi ubaoni asubuhi.

Makundi ya walimu yamenifaa sana, ila maazimio ya kazi, yaani mipango ya kufundisha ya muhula, yanayozungushwa humo yakague kwanza. Mtaala ulipunguzwa 2024, masomo ya sekondari msingi (gredi ya 7 hadi ya 9) yakawa 9, na nyaraka za zamani bado zinatembea. Nilifundisha wiki mbili nikifuata azimio lililopitwa. Wanafunzi ndio waliolipia.

Na unapouliza, uliza kikamilifu. “Nisaidieni Sayansi” haina jibu. Mimi niliandika hivi: gredi ya 7, wanafunzi 62, hatuna maabara, tunachuja maji kwa chupa na mchanga wa mtoni, bado yana tope. Kabla ya chakula cha mchana mwalimu mmoja alikuwa amejibu: ongeza pamba chini, kisha mkaa uliosagwa, na mchanga uoshwe kwanza.